Majina marefu ya dawa na maradhi: Tutamke silabi zote, tusiruke

MSOMAJI mmoja wa safu hii kutoka Kabazi, eneobunge la Subukia katika Kaunti ya Nakuru, ameniletea swali ambalo nimelitafakari kwa majuma mawili. Yeye ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale wapatao 100,000 ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 ili wawe wakizuru nyumba kwa nyumba, kupima presha na sukari, na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini.

Nanukuu maneno yake jinsi alivyoyaandika: “Mwalimu, huku kwetu wazee wengi wako na presha na sukari. Nikifika kwa boma napewa karatasi ya hospitali niisome. Nasoma mwanzo wa jina la dawa, nikiona limekuwa refu naruka mpaka mwisho. Shosho ananiangalia tu. Kuna njia ya Kiswahili ya kusoma haya majina, ama hii ni lugha ya madaktari pekee yao?”

Njia ipo, tena ni ile ile tuliyofunzwa katika madarasa ya chini tulipokuwa tukiimba ba, be, bi, bo, bu. Jina la dawa lenye herufi ishirini halina miujiza yoyote. Ni silabi zilizopangwa foleni. Shida ni kwamba tunapoliona jina refu, macho hutaka kulimeza zima zima. Likitukwama kooni tunalitema nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomfikia mgonjwa.

Tuanze na msingi. Silabi ni kipashio cha matamshi kinachotamkwa kwa pigo moja la sauti. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu: *ba-ba*, *da-mu*, *fi-go*. Hii huitwa silabi wazi. Muundo wake wa kawaida ni konsonanti na irabu, ingawa irabu peke yake pia yaweza kuwa silabi, kama *u* katika *u-a*. Aidha, nazali *m* na *n* zaweza kusimama bila irabu zikawa silabi kamili: *m-tu*, *n-chi*, *m-bu*.

Kisha kuna silabi funge, yaani ile inayoishia kwa konsonanti. Hii ilituingilia kupitia maneno ya mkopo, hasa ya Kiarabu na Kiingereza: *mak-ta-ba*, *lab-da*, *ras-mi*, *dak-ta-ri*, *hos-pi-ta-li*. Kuna walimu wanaofunza kwamba *daktari* hutengwa *da-k-ta-ri*, kana kwamba hiyo *k* ni silabi inayojitegemea. Mimi sikubaliani nao. Konsonanti zinazoweza kubeba silabi peke yake katika Kiswahili ni nazali, kwa sababu zina mvumo unaoweza kuvutwa. Mtu aweza kuivuta *mmm* ya *mtu*, lakini ajaribu kuivuta *k* ya *daktari* aone kama itavutika. Kwa hivyo hiyo *k* huegemea irabu iliyoitangulia, tukapata *dak*.

Sasa tuje kwenye dawa. Kanuni nne zinatosha kulikata jina lolote.

Kwanza, tafuta irabu. Kila irabu ni kiini cha silabi moja, kwa hivyo ukizihesabu irabu umezihesabu silabi, ukiacha zile nazali nilizozitaja. Kiswahili hakiunganishi irabu mbili kuwa moja. *Ai* ni silabi mbili, *ia* ni silabi mbili.

Pili, konsonanti iliyo moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayoifuata. Kwa kanuni hii *parasetamoli* inajikata yenyewe: *pa-ra-se-ta-mo-li*. Silabi sita, zote wazi.

Tatu, konsonanti zikiwa mbili, tazama ile ya pili. Ikiwa ni *r*, *l*, *w* au *y* iliyotanguliwa na kipasuo kama *p*, *t*, *d*, *k* au *g*, zote mbili huenda pamoja: *pro*, *tro*, *dro*, *klo*, *gla*. Zikiwa za namna nyingine, aghalabu hutengana, ya kwanza ikafunga silabi iliyotangulia. Ndiyo maana *metronidazoli* ni *me-tro-ni-da-zo-li* ilhali *metfomini* ni *met-fo-mi-ni*. Vivyo hivyo, *amlodipini* ni *am-lo-di-pi-ni* na *amoksisilini* ni *a-mok-si-si-li-ni*.

Nne, weka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: *parasetaMOli*, *amlodiPIni*. Kiswahili hakina shughuli na shadda ya Kiingereza ambayo leo iko mwanzo, kesho iko katikati. Yapo maneno machache yanayokiuka, kama *baRAbara* yenye maana ya sawasawa, tofauti na *baraBAra* ya magari. Hata hivyo, sijaona jina la dawa linalohitaji ukaidi huo.

Tujaribu jina ambalo nadhani ndilo lililomshinda msomaji wangu, kwa kuwa ni dawa inayotumiwa sana na watu wenye presha: *haidroklorothiazaidi*. Likate: *ha-i-dro-klo-ro-thi-a-za-i-di*. Silabi kumi. Ukitaka kulibeba kichwani, ligawe mafungu manne: *haidro*, *kloro*, *thia*, *zaidi*. Fungu la mwisho si ni neno letu la kila siku? Sema pole pole mara tatu, ya nne utalisema bila kutazama karatasi.

Hapa kuna tofauti ambayo wanafunzi wa isimu huichanganya, kati ya silabi na mofimu. Silabi ni kipande cha sauti; mofimu ni kipande cha maana. Neno refu la kitiba laweza kukatwa kwa njia zote mbili na vipande visilingane. Chukua *otorinolaringolojia*, jina la taaluma linaloweza kumtisha mgonjwa aliyeelekezwa katika hospitali kuu ya Nakuru. Kwa silabi ni *o-to-ri-no-la-ri-ngo-lo-ji-a*, kumi tena. Kwa mofimu ni vipande vinne tu vya asili ya Kigiriki: *oto* ni sikio, *rino* ni pua, *laringo* ni koo, *lojia* ni elimu. Basi jina lote hilo ni elimu ya masikio, pua na koo! Silabi humsaidia mtu kulitamka, mofimu humsaidia kulielewa. Mhamasishaji anahitaji zote mbili, lakini aanze na silabi, kwa sababu jina usiloweza kulitamka huwezi hata kuliulizia.

Kufikia hapa msomaji atasema haya ni mambo ya darasani tu. La hasha. Tazama shadda ya Kiswahili inavyoyatendea maneno ya kitiba.

Istilahi nyingi za maradhi zilizotokana na Kigiriki huweka tofauti kubwa ya maana mwanzoni mwa neno. Sukari ikipanda mno katika damu, madaktari husema *haipaglaisemia*. Ikishuka mno, husema *haipoglaisemia*. Kata ya pili uone: *ha-i-po-gla-i-se-mi-a*. Silabi nane. Tofauti yake na ile ya kwanza iko katika silabi moja tu, ya tatu: *pa* kwa *po*. Nayo shadda yetu iko wapi? Iko mbali huko mwishoni, kwenye *mi*. Yaani uzito wa sauti uko mkiani ilhali uzito wa maana uko kichwani. Anayesema upesi ataitamka *mi* ikasikika hadi kwa jirani, na ile *pa* au *po* ikamezwa.

Na gharama yake? Mtu ambaye sukari imeshuka anahitaji kupewa kitu chenye sukari mara moja. Yule ambaye sukari imepanda, kumpa sukari ni kumwongezea mzigo. Maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja yanaagiza matendo yanayopingana. Kwa sababu hiyo, nikizungumza na mgonjwa mimi husema *sukari imepanda* au *sukari imeshuka*. Vitenzi *panda* na *shuka* havifanani kwa silabi hata moja. Kiswahili cha kawaida hapa kina usalama kuliko istilahi.

Majina ya dawa nayo yamejengwa kinyume. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa majina ya kimataifa ya dawa kwa azimio la mwaka wa 1950, na orodha ya kwanza ikachapishwa mwaka wa 1953. Katika mpango huo, dawa za jamii moja hupewa mwisho mmoja, mithili ya jina la ukoo. Dawa za presha kama *atenololi* na *propranololi* zinaishia kwa *-ololi*. *Enalaprili* na *kaptoprili* zinaishia kwa *-prili*. *Losatani* na *valsatani* ni ukoo mwingine. *Omeprazoli* na wenzake wa kupunguza asidi ya tumbo wana mwisho wao wa *-prazoli*. Jina la ukoo liko mwishoni, jina la mtu mwenyewe liko mwanzoni.

Tukiongeza irabu ya Kiswahili mwishoni, shadda hutua moja kwa moja kwenye ukoo: *atenoLOli*, *enalaPRIli*, *losaTAni*. Hili lina faida, kwa kuwa msikilizaji anaujua ukoo mara moja. Lakini pia lina hatari. Ukisema ukoo kwa nguvu na kumeza jina la mwenyewe, ni kama kuita “mwana wa Kamau” katika boma lenye wana sita. Atakuja yupi?

Msomaji wangu wa Kabazi alinisimulia kisa kinachohusu ukoo huu wa *-satani*. Shosho mmoja alirudi kutoka kliniki akiwa kimya, akakataa chakula cha jioni. Alipoulizwa akasema, “Wameniambia niko na saratani.” Karatasi ilipofunguliwa, hapakuwa na saratani popote. Alikuwa ameandikiwa *losatani*, dawa ya presha. Tenga silabi: *lo-sa-ta-ni*, *sa-ra-ta-ni*. Zote ni nne, zote zinaishia kwa *ta-ni*, zote zina shadda kwenye *ta*, na silabi *sa* imo katika zote mbili. Mtu aliyekaa na hofu kwenye benchi tangu asubuhi, jina likatupwa kwake kwa kasi, atasikia lile analoliogopa. “Ni dawa ya presha, shosho, inaitwa lo-sa-ta-ni,” ikisemwa pole pole, ingemwondolea shosho huyo usiku mzima wa kilio.

Isidhaniwe kwamba mkanganyiko wa silabi ni tatizo letu sisi wa vijijini pekee. Nchini Marekani dawa ya asidi ya tumbo iliyouzwa kwa jina Losec ilikuwa ikichanganywa na Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini. Zitamke kwa Kiswahili: *lo-sek*, *la-siks*. Mwaka wa 1990 jina Losec likabadilishwa huko likawa Prilosec. Tazama dawa ya tatizo ilivyokuwa: silabi moja zaidi!

Nchi iyo hiyo, kuanzia mwaka wa 2001, idara yake ya kusimamia chakula na dawa iliwahimiza watengenezaji waandike sehemu za majina yanayofanana kwa herufi kubwa. Jozi mojawapo ni *klopromazini* na *klopropamidi*. Kwa silabi ni *klo-pro-ma-zi-ni* na *klo-pro-pa-mi-di*. Ya kwanza ni ya maradhi ya akili. Ya pili ni dawa ya zamani ya kuteremsha sukari. Silabi mbili za mwanzo ni pacha. Ya tatu ndiyo inayotofautisha, *ma* kwa *pa*, nazo zote hutamkiwa kwenye midomo. Basi wakaandika *kloproMAZINI* na *kloproPAMIDI*. Walichofanya kwa jicho ndicho ninachotaka tufanye kwa ulimi: tuisimamishe silabi inayotofautisha, tusiipite mbio.

Kuna jozi ya tatu iliyo karibu nasi zaidi, *metfomini* ya kisukari na *metronidazoli* ya kuua vijidudu vya tumboni. Wataalamu wa usalama wa dawa wameiweka katika orodha ya majina yanayochanganywa. Yakitamkwa kwa ukamilifu hayafanani hata kidogo, maana moja lina silabi nne na jingine sita. Tatizo linakuja kwa kuyakata nusu. “Kunywa hii *met* asubuhi na jioni.” *Met* gani?

Hoja yangu kuu basi ni hii: kinachopoteza maana ni kuruka silabi. Lafudhi ina makosa kidogo sana katika jambo hili.

Nalisema hili kwa sababu Kabazi na vijiji vya Subukia na Solai ni mahali wanapokutana wasemaji wa lugha mbalimbali, Wagikuyu na Wakalenjin wakiwa wengi miongoni mwao. Kila lugha ina desturi zake za silabi. Gikuyu haitaki silabi funge. Ilipolikopa neno *daktari* ilichomeka irabu kati ya konsonanti mbili ikapata *ndagĩtarĩ*: *nda-gĩ-ta-rĩ*. *Hospitali* ikawa *thibitarĩ*. Kikalenjin nacho hakina taabu na silabi funge; sikiliza tu *Kap-sa-bet* au *El-do-ret*. Lakini hakitofautishi *p* na *b* kimaana, wala *t* na *d*, wala *k* na *g*. Gikuyu nayo haitenganishi *r* na *l*.

Kwa hivyo mmoja atasema *rosatani*, mwingine atasema *amlotibini*. Wako wanaocheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Katika *rosatani* silabi zote nne zipo kwa mpangilio wake, na sijui dawa yoyote nyingine ambayo mfamasia angeweza kuidhania. *Amlotibini* ina silabi zake tano. Aliyechomeka irabu akasema *me-ti-fo-mi-ni* ameongeza silabi moja, hakupunguza kitu. Ukimsikia unajua anachotaka. Wa kuogopewa ni yule mwenye Kiingereza cha puani anayesema *metfo* na kuondoka zake.

Tena, ukiyachunguza majina ya kimataifa ya dawa utaona kwamba yamekuwa yakielekea kwenye njia yetu. Kanuni za Shirika la Afya Duniani zinashauri kwamba badala ya *ph* itumiwe *f*, badala ya *th* itumiwe *t*, badala ya *y* itumiwe *i*, na kwamba herufi *h* na *k* ziepukwe inapowezekana. Lengo ni kuyarahisishia mataifa yote tahajia na matamshi. Dawa ambayo Waingereza waliiita *frusemidi* ina jina la kimataifa *furosemidi*. Linganisha *fru-se-mi-di* na *fu-ro-se-mi-di*. Jina la kimataifa lina irabu kati ya *f* na *r*, sawa na ambavyo nyanya yangu angelitamka bila kufunzwa na mtu.

Wala tusidhani kwamba majina magumu hutoka Ulaya pekee. Mwaka wa 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka kusini mwa Tanganyika, katika nchi ya Wamakonde. Wenyeji waliupa jina linaloeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu, nalo likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima: *chikungunya*. Sisi tunalikata *chi-ku-ngu-nya*, silabi nne wazi, rahisi kama kunywa maji. Wageni hulikata *chi-kun-gun-ya*, wakazitenganisha *n* na *g*, wakahangaika nalo. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1959, nchini Uganda, Waacholi wakaupa ugonjwa mwingine unaofanana na huo jina *o'nyong-nyong*. Naye Daktari Cicely Williams, akiandika mwaka wa 1935 kuhusu watoto wa Gold Coast, alilichukua neno la Kiga ambalo kwetu limekuwa *kwashakoo*. Hivyo daktari wa London naye hukaa chini akajifunza silabi za Kiafrika. Ugumu wa neno hutegemea umetoka upande upi wa mlango.

Nirudi kwa kazi ya mhamasishaji. Kuna jina la kueleza na kuna jina la kutambulisha. *Shinikizo la damu*, au *presha* kama tunavyosema mitaani, ni jina la kueleza. Linamjuza mgonjwa kinachomsumbua. *Haidroklorothiazaidi* ni jina la kutambulisha. Linamjuza mfamasia kifurushi kipi ashike rafuni. Wanaosema tutafute neno la Kiswahili kwa kila dawa wanachanganya mambo mawili. Mgonjwa wa Kabazi akienda Nakuru au Mombasa na jina tulilolibuni sisi, hatapewa kitu. Jina la dawa tuliache, ila tulitamke kwa silabi zetu. Maelezo yake ndiyo tuyatafutie Kiswahili chepesi, nayo tunayo. *Kamusi ya Tiba* ya TUKI ina mengi, na yasiyomo humo yamo vinywani mwa watu.

Haya si hisani ambayo mgonjwa anafanyiwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo kuhusu afya yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya 2010 nayo inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Karatasi inayosomwa nusu nusu haijatimiza sheria hiyo, hata kama aliyeisoma alivaa koti jeupe.

Ningependekeza utaratibu huu kwa msomaji wangu na wenzake. Katika daftari lako, nakili jina la dawa herufi kwa herufi jinsi lilivyo kwenye pakiti. Usibadilishe chochote hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo tahajia ambayo mfamasia anaitambua. Chini yake liandike tena kwa silabi za Kiswahili, ukiweka kistari kati ya silabi na silabi, na upige mstari chini ya ile yenye shadda. Hesabu silabi kwa vidole. Halafu weka alama kwenye silabi inayolitofautisha jina hilo na jirani yake: *pa* au *po*, *ma* au *pa*.

Ukifika bomani, usiseme jina peke yake. Liunganishe na kazi yake: “Hii ni losatani, ya presha. Hii ni metfomini, ya sukari.” Sikio likikosea jina, kazi italisahihisha. Kisha mwombe mgonjwa akurudishie kwa mdomo wake: “Hebu niambie, shosho, hii tumesema ni ya nini?” Usimuulize kama ameelewa. Wazee wetu ni watu wa adabu, watakujibu “ndiyo” ili wasikuaibishe. Akikurudishia jina kwa lafudhi yake, hesabu silabi. Zikitimia, mwache na lafudhi yake. Zikipungua, rudieni pamoja.

Na jina likikushinda kabisa, usilibuni. Onyesha pakiti, piga simu kituoni, uliza. Kuuliza kunachukua dakika moja tu.

Kwa wale wanaotaka mazoezi kabla ya juma lijalo, tengeni silabi za maneno haya na mwonyeshe shadda: *propranololi*, *haipatensheni*, *omeprazoli*, *gastroenterolojia*, *haipotensheni*. Katika ya pili na ya tano, tajeni silabi inayotofautisha, kisha mseme kwa Kiswahili cha kawaida ni lipi linahusu presha iliyopanda na lipi linahusu presha iliyoshuka. Anayeweza kufanya hivyo bila kusita anaweza kusoma karatasi yoyote ya hospitali bomani.